Uteuzi na Mpangilio wa Rangi za Maji

Mwalimu anayeanza kuchora kwa rangi za maji hushawishika kununua kisanduku cha rangi 24, akidhani kuwa wingi wa rangi ndio wingi wa uwezo. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Rangi 6 zilizoteuliwa kwa makini zatosha, tena humlazimisha mchoraji kujifunza kuchanganya.

Kwa nini 6, ilhali twafundisha kwamba rangi za msingi ni 3? Sababu ni kwamba rangi za dukani huelemea upande mmoja au mwingine. Buluu ya ultramarini huelemea zambarau. Buluu ya ftalo huelemea kijani. Manjano ya limau huelemea kijani. Manjano ya kiini cha yai huelemea machungwa. Nyekundu nazo zina tabia hiyo hiyo: moja huelemea machungwa, nyingine waridi. Changanya ftalo na manjano ya limau, utapata kijani kinachong'aa kama jani changa la mgomba. Changanya ultramarini na manjano ya yai, utapata kijani kilichofifia, kwa kuwa zote mbili zimekuja na wekundu kidogo, nao wekundu huua kijani. Mara ngapi mtoto amekaripiwa kwa kuchora rangi "chafu", kumbe kosa lilikuwa katika kisanduku alichopewa!

Basi zichukuliwe mbili za kila rangi ya msingi. Majina ya dukani hupotosha. Yafaa kutazama alama iliyochapwa kwenye tyubu. PB29 ni ultramarini, PB15 ni ftalo. Zenye kadimiamu zisiingie darasani, kwani madini hayo yana sumu. Nyeupe si lazima: weupe ni wa karatasi yenyewe.

Katika kupanga, fuata duara, kama Isaac Newton alivyopanga rangi katika kitabu chake cha mwaka 1704: limau, yai, nyekundu ya machungwa, nyekundu ya waridi, ultramarini, ftalo. Kati ya ftalo na limau acha nafasi pana, maana ftalo ina nguvu nyingi, na tone lake moja huharibu manjano yote.

Rangi iliyokauka kwenye sahani isitupwe. Kiunganishi chake ni gundi ya mgunga, ambayo huyeyuka tena ikipata maji. Ifunikwe vumbi lisiingie, na kipindi kijacho ilowanishwe kwa brashi safi.