Fleshi ya Kwenda Bumbire

Bumbire ni kisiwa cha wilaya ya Muleba, ndani ya Ziwa Victoria. Fundi kompyuta anayetumwa huko kufunga seva ya shule au zahanati hupanda boti mwaloni, na mtandao wa kasi wa Bukoba mjini anauacha nyuma. Akibeba kwenye fleshi ISO ya kawaida ya mfumo wa Ubuntu Server, yenye zaidi ya GB 2, mfumo utaingia. Balaa huanza baadaye, mashine inapodai masasisho na programu nyingine kutoka intaneti. Bando huishia hapo.

Fundi mjanja huimaliza kazi hiyo Bukoba, kwa kutengeneza ISO yake mwenyewe.

ISO ni faili moja lililobeba diski nzima ya usakinishaji. Kwenye Linux, amri ya xorriso hulifungua, fundi akapachika programu anazozitaka, kisha amri hiyohiyo hulifunga tena. Katikati huingia faili la majibu ya maswali ya usakinishaji. Tangu toleo la 20.04 la Aprili 2020, kisakinishi cha Ubuntu Server husoma faili liitwalo user-data: lugha, saa za Dar es Salaam, jina la seva, mgawanyo wa diski. Debian wana preseed na Red Hat wana Kickstart, kazi ni ileile. Amri zote huandikwa katika skripti ya Bash, na ISO mpya hujaribiwa kwanza ndani ya QEMU, kompyuta ya kuigiza.

Kuna neno moja la kuogopa: autoinstall. Lisipowekwa kwenye mstari wa kuwashia mfumo, kisakinishi huuliza kabla ya kugusa diski. Likiwekwa, hakiulizi. Fleshi yenye ISO ya namna hiyo ikichomekwa kimakosa kwenye kompyuta ya mhasibu na mashine ikawashwa kupitia fleshi, hesabu za mwaka zinaweza kufutika huku watu wakinywa chai. Nenosiri linaloandikwa kwenye user-data nalo lisiwe moja kwa seva zote, maana fleshi hunakiliwa.

Wala ISO si hifadhi ya data. Tetemeko la 10 Septemba 2016 liliharibu vibaya majengo ya sekondari ya Ihungo, Bukoba. Seva ikiangukiwa na ukuta, ISO itarudisha mfumo. Alama za wanafunzi hurudi tu kama nakala yake ilitunzwa kwingine.

Kati ya 2005 na 2011, Ubuntu ilituma CD za bure kwa posta duniani kote. Siku hizi fundi hujitengenezea, na mali yake hasa ni skripti. ISO huchakaa kadiri masasisho yanavyotoka, lakini skripti ni maandishi machache yanayopita WhatsApp hata mtandao ukiwa dhaifu, na aliye Muleba akaunda ISO mpya kwa kuiendesha. Anayetumia toleo la 22.04 aanze mapema kuandaa ISO ya toleo jipya zaidi: masasisho yake ya kawaida ya usalama yamepangwa kukoma mwaka 2027.