Ukuta Unaotoa Chumvi Hautibiwi kwa Rangi

Rangi iliyotuna na kubabuka, lipu inayomumunyuka ukiigusa kwa kidole, unga mweupe unaodondoka sakafuni: mwenye nyumba wa mwambao, awe Tanga, Mombasa au Unguja, anaijua hali hii, na dawa yake pia anadhani anaijua. Anamwita fundi, ukuta unakwanguliwa, unapigwa puti, unapakwa rangi mpya, na nyumba inapendeza hadi masika mengine. Kisha kazi inaanza upya, na gharama nayo. Hoja yangu ni kwamba fedha hizo zinapelekwa pasipo na tatizo. Rangi imesukumwa kutoka nyuma, na kinachoisukuma ni maji yenye chumvi yaliyomo ndani ya ukuta. Mpaka ijulikane maji hayo yanaingilia wapi, kila ndoo ya rangi ni hasara.

Tofali la saruji, hata lililoshindiliwa vizuri, lina vitundu vidogo mno vinavyovuta maji ya ardhini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Maji hayo hupanda, mara nyingi hadi mita moja hivi, ndiyo maana alama yake huishia usawa wa kiuno na haifiki darini. Njiani huyeyusha chumvi zilizomo ardhini, ndani ya tofali, na hasa kwenye mchanga wa bahari uliotumika bila kuoshwa. Yakifika usoni mwa ukuta, maji hukauka na chumvi hubaki, ikiganda na kukua nyuma ya rangi kwa nguvu inayotosha kuvunja lipu. Wengi hushangazwa na jambo jingine: chumvi ya kawaida, hiyohiyo ya jikoni, huanza kunyonya unyevu wa hewani unapozidi asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani huvuka kiwango hicho mara kwa mara. Kwa hiyo ukuta uliojaa chumvi unaweza kulowa hata wakati wa kiangazi, hata kama njia ya kwanza ya maji imekwisha kuzibwa. Na ikiwa ndani yake mna nguzo yenye nondo, chumvi hiyo huharakisha kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege hupasuka.

Ukuta wenyewe hutoa ushahidi ukichunguzwa kwa utulivu. Unyevu unaoanzia sakafuni na kwenda sambamba ukuta mzima hutoka ardhini. Doa la katikati ya ukuta, karibu na bafu au sinki, aghalabu ni bomba. Doa linaloshuka kutoka juu ni paa. Panapokuwa na shaka, bandika ukutani kipande cha nailoni inayoangaza, ukubwa wa kurasa mbili za daftari, uzibe kingo zote nne kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukuta, maji yamo ndani yake. Yakitokea upande wa chumba, huo ni mvuke wa mapishi, wa kuoga na wa pumzi za watu, na kinachohitajika ni hewa kupita vizuri zaidi. Bomba nalo hupimwa kwa mita: tangi likiwa limejaa, funga kila kitu usiku, soma namba, usome tena alfajiri kabla mtu hajachota maji. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja.

Chanzo kinachosahaulika kuliko vyote kiko nje. Nyumba nyingi zilijengwa na nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, sentimita 15 hivi au zaidi kutoka ardhini. Miaka ikapita, mwenye nyumba akajaza kifusi uani, akapanda maua kando ya ukuta, akatandaza tofali za sakafu ya nje. Ardhi ikapanda kuliko nailoni, na maji yakapata njia ya kuiruka. Hapa tiba ni sepetu: kuchimba hadi usawa wa zamani, kuuinamisha uwanja uende mbali na nyumba, na kufunga mifereji ya bati ili maji ya paa yasianguke mguuni mwa ukuta. Ni kazi ya gharama ndogo, na ndiyo inayopaswa kutangulia.

Watanijibu kwamba kuna rangi za kuzuia maji, na kwamba vigae vimeokoa kuta nyingi. Ni kweli kwamba vizuizi hivyo vina mahali pake. Tangi la maji au ukuta uliozikwa ardhini hauwezi kufanya kazi bila kizuizi, na hapo hupakwa upande maji yanakotoka. Kukipaka upande wa chumbani, huku maji yakipanda kutoka chini, ni jambo jingine. Maji hayaondoki, hutafuta pa kukaukia, na yakinyimwa mita ya kwanza hupanda zaidi, yakatokea juu ya kigae. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu huumia zaidi kwa kosa hili. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyoruhusu unyevu uingie na utoke. Kuzipiga lipu ya saruji ni kuufungia unyevu huo ndani ya ukuta mnene ambao ulizoea kuutoa. Nyumba ya chokaa itengenezwe kwa chokaa.

Pingamizi zito zaidi ni muda. Baada ya kuziba chanzo, lipu yenye chumvi inatakiwa kuondolewa hadi nusu mita juu ya alama ya mwisho, unga usuguliwe kwa brashi kavu na kuzolewa (ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani), kisha ukuta uachwe ukauke. Kanuni ya zamani ya waashi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Tofali la inchi 6 linadai miezi sita. Nani anataka kukaa sebuleni na ukuta uliovuliwa nusu mwaka? Naielewa karaha hiyo, na anayeweza aanze na chumba kimoja, kiangazi kikianza. Lakini ukuta uliofunikwa ukiwa umelowa utaidai kazi hiyohiyo tena, na gharama ya mara ya pili inajumuisha ya kwanza iliyopotea. Ukikauka, tumia mchanga safi usio wa bahari, na rangi ya maji badala ya ya mafuta.

Anayejenga sasa ana bahati ambayo wengine wameikosa. Nailoni ya juu ya msingi ni sehemu ndogo mno ya bei ya nyumba, na kuipachika baadaye kunamaanisha kukata ukuta kipande kwa kipande. Ukiwa na kiwanja na mafundi wako kazini, usiruhusu tofali la kwanza juu ya msingi liwekwe kabla hujaiona nailoni hiyo kwa macho yako, imetandazwa upana wote wa ukuta, haina tundu, na kila inapoungana imepishana kwa sentimita 10 au zaidi.