Pikipiki Mjini: Wakati wa Kupandisha na Kushusha Gia



Miaka hii vijana wetu wengi hapa Uingereza wanajipatia riziki kwa pikipiki. Wako wanaopeleka vyakula majumbani mwa watu mpaka usiku wa manane, na wako wanaoendea chuoni au kazini. Katika nyumba nyingi zenye pikipiki mlangoni yuko mzazi asiyepata usingizi mpaka aisikie injini ile imerudi. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni wakati wa kubadilisha gia. Mtu aweza kuijua sheria yote ya barabara, kisha akaangushwa na mguu wake wa kushoto.

Mazoea ya nyumbani

Wazee wetu waliopanda Vespa kule Unguja walibadilisha gia kwa mkono wa kushoto: hubana klachi, kisha huuzungusha mkono wa usukani. Wengine walizoea zile Honda ndogo zisizo na klachi ya mkono, ambazo kila gia ya juu hupatikana kwa kukanyaga pedali chini.

Pikipiki nyingi za gia zinazouzwa hapa hazifuati mipango hiyo. Klachi iko mkono wa kushoto na gia iko mguu wa kushoto. Gia ya kwanza hukanyagwa chini. Ya pili na zinazofuata huinuliwa juu kwa ncha ya kiatu. Na frii imo baina ya ya kwanza na ya pili. Basi aliyezoea kukanyaga chini ili aongeze mwendo, akifanya hivyo akiwa gia ya tatu, huangukia ya pili bila ya kutaka. Tairi la nyuma huzuiwa ghafla, na kama barabara imelowa mvua, laweza kuteleza. Aliyetoka kwenye chombo cha namna nyingine na afanye mazoezi kwanza katika kiwanja kitupu, mpaka mguu usahau desturi yake ya zamani.

Kupandisha gia

Gia ya kwanza ni ya kuondokea tu. Kwa pikipiki ya cc 125, aghalabu gia ya pili hutiwa mwendo ukifika kiasi cha maili 10 kwa saa, ya tatu karibu na maili 20, na ya nne unapokaribia maili 30. Hicho ni kipimo cha kukisia, kwani kila pikipiki ina tabia yake. Mwalimu wa kweli ni sikio. Injini ikipiga kelele kali ilhali mwendo hauongezeki sana, yataka gia ya juu. Ikiguguma na kutetemeka kila ukitia mafuta, gia uliyo nayo ni kubwa mno, shusha moja.

Utaratibu wake ni huu: punguza mafuta, bana klachi, inua pedali mara moja kwa uthabiti, kisha achia klachi taratibu huku ukirejesha mafuta. Usifanye hivyo pikipiki ikiwa imelala katika kona, wala juu ya mifuniko ya chuma ya mitaro wakati wa mvua.

Mitaa mingi ya London sasa ina kikomo cha maili 20. Humo gia ya tatu mara nyingi hutosha. Anayekimbilia ya tano hukuta injini haina nguvu pale anapohitaji kuondoka upesi kwenye hatari.

Kushusha gia

Hapa ndipo penye hatari zaidi. Kanuni ya kwanza ni kushusha kabla ya kona au kipilefti, si ndani yake. Ya pili ni kushusha moja moja, mwendo ukiwa umekwisha kupunguzwa kwa breki, na kuachia klachi polepole kila mara. Anayetoka gia ya nne mpaka ya kwanza kwa pamoja, kisha akaiachia klachi pikipiki ingali mbioni, hufanya kama aliyefunga tairi la nyuma kwa kamba.

Kwenye taa nyekundu, shuka mpaka gia ya kwanza kabla pikipiki haijasimama kabisa, kwani ikisimama gia huwa ngumu kuingia. Baki katika gia hiyo na klachi umeibana, ukitazama kioo, mpaka gari la nyuma nalo lisimame. Hapo waweza kutia frii. Asiyefanya hivyo, gari likimjia kwa nyuma hana njia ya kujiokoa.

Tena kumbukeni kuwa kupunguza mwendo kwa gia peke yake hakuwashi taa ya nyuma. Dereva anayekufuata hajui kuwa unapunguza. Gusa breki kidogo ili aone.

Neno kuhusu sheria

Kijana aliyefika miaka 17 mwenye leseni ya kujifunzia hawezi kupanda pikipiki ya cc 125 barabarani mpaka amalize mafunzo ya lazima yaitwayo CBT. Cheti chake hudumu miaka 2. Akiwa bado mwanafunzi hana ruhusa ya kupakia abiria wala kuingia barabara kuu za motorway. Na anayefanya mtihani wake kwa skuta isiyo na gia akafaulu, leseni yake haitamruhusu kuendesha pikipiki ya gia. Yafaa kijana aamue mapema anataka njia ipi.

Wazazi wenzetu, kumkataza kijana ambaye pikipiki ndiyo kazi yake aghalabu hakufai kitu. Linalofaa zaidi ni kumuuliza amefunzwa na nani, cheti chake kinakwisha lini, na kama amepata kufanya mazoezi ya kushusha gia katika barabara iliyolowa. Chakula kikichelewa dakika tano, mteja atanung'unika, kisha atakula. Mwenda pole hajikwai. Mwenyezi Mungu awarudishe watoto wetu majumbani salama kila usiku. Amin.