Kabla Planta Haijaingia Shambani

Mkulima wa Muyinga, Burundi, anayekodi trekta ili apande mahindi ya msimu A, msimu wa mvua za kwanza, anadhani analipia kazi ya shambani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huamuliwa uani, injini ikiwa imezimwa. Mwenye jembe la mkono akikosea shimo moja, shimo la pili atalirekebisha. Planta, yaani mashine ya kupandia inayofungwa nyuma ya trekta, ikikosea hurudia kosa lilelile mstari mzima, chini ya udongo, na hakuna atakayelijua mpaka mahindi yachomoze. Wakati huo mvua za kwanza zimekwisha kupita, na kurudia kupanda ni kula sehemu ya msimu.

Tufanye hesabu. Planta ya mistari miwili, yenye sentimita 75 kati ya mstari na mstari, hupanda upana wa mita 1.5. Trekta likienda kilomita 5 kwa saa, bila kusimama wala kugeuka, lingemaliza robo tatu ya hekta kwa saa. Ukitoa muda wa kugeuza na kujaza mbegu, inabaki kama nusu hekta. Burundi kaya nyingi hazifikishi hata hekta moja, tena ardhi yao imekatwakatwa vipande huku na huku. Kwa hiyo kipande kimoja hupandwa ndani ya saa moja, ilhali kuiandaa mashine kwaweza kumaliza asubuhi nzima. Ndiyo maana naona planta haimfai mkulima mmoja mmoja. Inawafaa majirani wa kilima kimoja waliokubaliana mbegu moja na nafasi moja, ili mashine ipimwe mara moja na ipande kwa wote.

Maandalizi huanza kwenye mbegu. Planta nyingi za bei nafuu huchukua mbegu kwa sahani yenye matundu, nayo sahani hutaka mbegu za ukubwa mmoja. Mbegu za akiba ya nyumbani, kubwa kwa ndogo, huruka matundu au huingia mbili mbili, kwa hiyo zichekeche kwanza. Kisha kagua cheni kama imelegea, mirija kama ina utando wa buibui au udongo, na visu vya kufungulia mfereji kama vimelika kwa usawa.

Baada ya hapo, pima. Iinue planta, iweke juu ya vigogo imara, kisha uzungushe gurudumu lake kwa mkono. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2, ukitaka mbegu kila sentimita 25, lidondoshe mbegu 8 kwa kila mzunguko. Mizunguko 10 itoe mbegu 80 kwa kila mstari. Mpango huo ni mimea kama 53,000 kwa hekta. Mbolea nayo hupimwa vivyo hivyo: ukikusudia kilo 200 kwa hekta, mizunguko hiyo 10, yaani mita 20, itoe gramu 300 kwenye kila mrija. Kinga kwa mfuko, pima kwa mizani. Shambani gurudumu huteleza kidogo na mbegu huachana zaidi, kwa hiyo baada ya mita chache za kwanza shuka, fukua, upime nafasi na kina. Sentimita 4 hadi 5 zinatosha udongo ukiwa na unyevu.

Kwenye kuifunga planta nyuma ya trekta ndipo watu huumia. Simamisha planta mahali tambarare na urudishe trekta polepole. Mtu yeyote asisimame kati ya trekta na mashine wakati trekta linatembea, hata kama ni msaidizi mzoefu. Zima injini, vuta breki ya mkono, ndipo ushuke. Funga mkono wa chini wa kushoto wa trekta kwanza, kwa kuwa kwa kawaida haurekebishiki. Halafu wa kulia, ambao una skrubu ya kuupandisha na kuushusha. Mwisho mkono wa juu. Kila pini iwe na kizuizi chake. Msumari uliokunjwa haufai hapo, kwa sababu hukatika.

Mkono wa juu ndio unaosawazisha mbele na nyuma. Ukiwa mfupi mno, visu vya mbele huzama na magurudumu ya kugandamiza huning'inia, mbegu ikabaki bila kushikwa na udongo. Kaza minyororo ya pembeni ili planta isiyumbe, na wakati wa kupanda shusha wenzo wa haidroliki kabisa, mashine ifuate yenyewe mabonde na vichuguu vya shamba. Magurudumu ya trekta yaachane mita 1.5 katikati kwa katikati. Hapo hupita kati ya mistari bila kukanyaga palipopandwa. Nafasi hiyohiyo kati ya mistari ndiyo ambayo akina mama wa Kirimiro, ukanda wa Gitega, huipandia maharage kwa mkono.

Mwisho, angalia mteremko. Muyinga, ambayo tangu mageuzi ya mikoa ya 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, ina miinuko mipana ya ukanda wa Bweru ambako trekta hugeuka kwa urahisi. Gitega vilima vimesimama zaidi. Huko mistari lazima ifuate usawa wa kilima ili mvua isibebe udongo. Lakini planta iliyoinuliwa nyuma hulipunguzia trekta uzito wa mbele, na trekta linalokwenda kwa ubavu laweza kupinduka. Mteremko ukimtia dereva shaka, planta ibaki barabarani na kazi ifanywe kwa kamba iliyonyooshwa na jembe.