Mama Aliyetaka Hewa Chafu Itajwe kwa Jina

Kila cheti cha kifo kina sehemu ndogo ya kuandikia chanzo cha mauti. Aghalabu sehemu hiyo hujazwa kwa maneno machache, karatasi ikawekwa kabatini, na walimwengu wakaendelea na shughuli zao. Mwalimu mmoja wa jijini London hakukubali yaishe hivyo. Alitumia miaka mingi akidai maneno machache yaongezwe katika cheti cha bintiye, na alipoyapata akawa amefungua ukurasa mpya katika historia ya kupigania hewa safi. Naona safari yake yafaa kusomwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi, maana zana alizozitumia ni zile zile tulizo nazo darasani, yaani swali, ushahidi na subira.

Mama huyu ni Rosamund Adoo-Kissi-Debrah, Mwingereza mwenye asili ya Ghana. Alikuwa mwalimu wa shule ya upili, na makao yake yalikuwa Lewisham, kusini-mashariki mwa London. Nyumba yake haikufika mita 30 kutoka barabara ya South Circular, ambayo ni miongoni mwa barabara zenye msongamano mkubwa wa magari katika jiji hilo. Kitinda mimba hakuwa ndiye aliyemtia majonzi, bali kifungua mimba wake, Ella, aliyezaliwa Januari 2004. Ella alikuwa mtoto mchangamfu, mpenda muziki na michezo, na alitamani kuwa rubani.

Mwaka wa 2010, kabla hajatimiza miaka saba, mtoto huyo alianza kusumbuliwa na kifua. Kikohozi kiligeuka kuwa pumu, na pumu ikawa kali kupita kiasi. Katika muda wa miaka mitatu hivi alilazwa hospitalini karibu mara 30. Tarehe 15 Februari 2013 aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka 9.

Uchunguzi rasmi wa kifo hicho ulifanywa mwaka wa 2014. Uamuzi wake ulisema kwamba Ella alishindwa kupumua kutokana na pumu kali. Wazazi wengi wangepokea jibu hilo kwa machozi na kunyamaza. Lakini mwalimu ajua kwamba mwanafunzi aliyetaja jina la jambo hajaeleza bado sababu ya jambo hilo. Pumu ni jina la maradhi. Swali la mama lilikuwa hili: ni nini kilichoiamsha pumu hiyo mara kwa mara, hata mtoto akawa akitoka hospitalini leo na kurudishwa kesho?

Jibu lilikuwa likipita mlangoni pake kila siku. Injini ya gari, hususan ya dizeli, hutoa gesi ya naitrojeni daioksidi pamoja na vumbi laini mno lisiloonekana kwa macho. Gesi hiyo huwasha na kuvimbisha njia za hewa. Vumbi nalo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na chembe zake zilizo ndogo zaidi huingia katika damu. Mtu mwenye pumu njia zake za hewa ni nyepesi kubana, kwa hiyo hudhurika upesi kuliko wengine. Tena mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na kimo chake kifupi humweka karibu na bomba la moshi.

Mnamo 2018 Profesa Stephen Holgate, bingwa wa maradhi ya pumu kutoka Chuo Kikuu cha Southampton, aliandika ripoti kuhusu maradhi ya Ella. Alizilinganisha siku ambazo mtoto alizidiwa na takwimu za kituo cha kupimia hewa kilichokuwa Catford, takriban maili moja kutoka nyumbani kwao. Takwimu hizo zilionyesha kwamba katika miaka mitatu kabla ya kifo chake uchafu wa hewa ulikuwa ukivuka mara kwa mara kiwango kilichoruhusiwa na sheria. Nawaomba wanafunzi wa sayansi walitue jambo hili moyoni. Lau kituo hicho hakingekuwapo, au lau watumishi wake wangezembea kuandika vipimo, mama huyo angebaki na dhana tupu, na hakuna mahakama inayohukumu kwa dhana.

Kwa nguvu ya ushahidi huo, Mahakama Kuu iliutangua uamuzi wa kwanza mwezi wa Mei 2019 na kuagiza uchunguzi mpya. Tarehe 16 Desemba 2020, afisa mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, alitoa uamuzi kwamba hewa chafu ilichangia kwa kiasi kikubwa kifo cha Ella. Katika cheti chake yakaandikwa mambo matatu: kushindwa kupumua, pumu kali, na kuathiriwa na hewa chafu. Hakuna mtu mwingine nchini Uingereza aliyewahi kuandikiwa hivyo kabla yake.

Uamuzi huo ulikuwa na jambo jingine ambalo mimi, kama mwalimu, sikuweza kulipita. Afisa huyo alisema kwamba mama hakuwa ameelezwa kuwa hewa chafu yaweza kuichochea pumu, na kwamba lau angelijua hilo angechukua hatua ambazo huenda zingeyaokoa maisha ya mwanawe. Mtoto alipita mikononi mwa madaktari wengi, nyumba yao ikiwa kando ya barabara kuu, na mama yake hakupewa habari hiyo. Tumezoea kuufikiria ujinga kama upungufu wa mtu binafsi. Hapa mama alikuwa msomi, tena mwalimu, lakini elimu iliyomhusu ilibaki vitabuni na maofisini.

Uingereza haikuwa ngeni katika jambo hili. Mnamo Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano, ukaua watu wasiopungua 4,000, na baadhi ya wataalamu wa baadaye wamekadiria kuwa waliokufa walifika 12,000. Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka wa 1956. Moshi wa 1952 ulionekana na kila mtu, hata watu wakashindwa kuziona njia. Sumu iliyomdhuru Ella haikuwa na rangi ya kumtisha mpita njia, na kwa sababu hiyo ilihitaji mtu wa kuisemea.

Kuna wanaodhani kwamba kupigania hewa safi ni jambo moja, na kupambana na mabadiliko ya tabianchi ni jambo jingine. Chanzo cha yote mawili aghalabu ni kimoja, nacho ni uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hata hivyo, anayetibu upande mmoja bila kuutazama wa pili aweza kuleta madhara. Mwaka wa 2001 serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya magari kulingana na kiasi cha gesi ya kaboni yanachotoa. Nia ilikuwa njema, lakini dizeli ndiyo iliyonufaika, kwa kuwa gari la dizeli hutumia mafuta kidogo kwa safari ile ile. Watu wakayanunua magari ya dizeli kwa wingi, na mitaa ikajaa gesi na vumbi lile nililolieleza hapo juu. Hesabu ya kaboni ilitazamwa, mapafu ya watoto yakasahauliwa. Ndiyo maana mama Ella amekuwa akiyaunganisha mambo haya mawili kila anaposimama kuzungumza.

Naam, hakuishia mahakamani. Aliunda wakfu kwa jina la bintiye, akawa mtetezi wa hewa safi anayeshirikiana na Shirika la Afya Duniani. Mnamo 2022 mswada wa kuifanya hewa safi kuwa haki ya kila mtu, unaojulikana kama Sheria ya Ella, uliwasilishwa na Jenny Jones katika Baraza la Malodi. Baraza hilo liliupitisha, ingawa kikao cha Bunge kilimalizika kabla haujawa sheria. Mnamo Oktoba 2024 serikali ilifikia mapatano naye nje ya mahakama na kumpa pole kwa msiba wake. Kwa mtu aliyeanza peke yake na swali moja, hayo si haba.

Wapo wapinzani, na haifai kuwapuuza. London ilipoanza kuyatoza pauni 12.50 kwa siku magari yanayochafua hewa kupita kiwango, kwanza katikati ya jiji mwaka wa 2019 na hatimaye katika mitaa yote mnamo Agosti 2023, mafundi na wachuuzi wenye magari makuukuu walilalamika kwamba mzigo umetwikwa maskini. Malalamiko yao yana uzito. Lakini nauliza, ni nani anayeishi kandokando ya barabara kuu, ambako kodi ya nyumba ni nafuu? Ni huyo huyo maskini. Dawa ni kumsaidia abadilishe gari lake. Kumwacha mwanawe aendelee kuvuta moshi ule hakumpunguzii umaskini hata chembe.

Sasa nawageukia walimu wenzangu wa Kenya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani peke yake, wa kuni, makaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Shule zetu nyingi hupika kwa kuni. Mpishi husimama katika moshi huo tangu alfajiri, na pengine darasa la karibu hupata sehemu yake. Nimefundisha katika chumba kilichopakana na barabara, nikasikia vikohozi vya wanafunzi na kuvifananisha na vumbi la kawaida. Ni wangapi kati yetu wanaomjua mwanafunzi mwenye pumu darasani mwao, na mahali anapoiweka dawa yake ya kuvuta?

Kisheria, sisi tumejaliwa alichokosa mama huyo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yanayofaa kwa afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa au kutishiwa, wala hatakiwi kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika. Rosamund alilazimika kulithibitisha dai lake kwa kifo cha mtoto wake. Mkenya anaweza kudai kabla mtoto hajafa.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa huhitaji vipimo vya kuitetea, na mitambo ya kupimia hewa bado ni michache katika miji yetu. Hilo si kazi ya mwalimu, lakini kuna ambalo laweza kuanza wiki hii bila fedha. Kila darasa liwe na daftari la kuandika ni nani aliyekosa masomo kwa sababu ya kifua, siku gani, na hewa ilikuwaje siku hiyo: je, kulikuwa na taka zilizochomwa jirani, moshi wa jikoni, au msongamano wa magari? Wanafunzi wa hisabati wachore jedwali, na wa Kiswahili waandike barua kwa wakuu wa kaunti. Daftari hilo halitakuwa ripoti ya profesa. Lakini siku ambayo mzazi atauliza kwa nini mwanawe anaugua, shule itakuwa na tarehe za kumwonyesha.