Mausi imegoma? Usizime kompyuta kabla ya kujaribu vitufe hivi

Mausi imekufa ghafla, kishale kimeganda katikati ya skrini na kazi ya masaa matatu bado haijahifadhiwa. Wengi hapo hukimbilia kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izimike. Kazi nayo inaenda na maji.

Kama kibodi bado inafanya kazi, haraka hiyo ni ya bure. Cha kwanza bonyeza Ctrl na S kwa pamoja ili kuhifadhi. Mengine yatafuata.

Kwenye Windows, shikilia Alt, gonga Tab mpaka ufike kwenye dirisha unalolitaka, kisha achia. Kitufe chenye nembo ya Windows ukikibonyeza pamoja na mshale wa kushoto, dirisha linakaa nusu ya kushoto ya skrini. Mshale wa kulia, nusu ya kulia. Mbinu hii ilikuja na Windows 7 mwaka 2009 na hadi leo kuna watu kibao wanaovuta madirisha kwa mkono wakinakili takwimu kutoka faili moja kwenda jingine. Alt na F4 hufunga dirisha.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni dirisha lililopotea. Mtu ametoka kwenye kikao alikotumia projekta, amechomoa waya, amerudi ofisini. Anafungua programu ileile, alama yake inaonekana chini ya skrini, lakini dirisha lenyewe halipo. Si kirusi hicho. Programu imekumbuka mahali ilipokuwa mara ya mwisho, yaani upande wa projekta, na upande huo sasa haupo.

Kulirudisha, lichague kwa Alt na Tab, halafu bonyeza Alt pamoja na kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi. Menyu ndogo itafunguka. Kwenye Windows ya Kiingereza bonyeza M, kisha gonga mshale wowote, na endelea na mishale hadi dirisha lichomoze. Likishatokea, bonyeza Enter. M isipokubali, huenda dirisha lilikuwa limetanuliwa skrini nzima: fungua menyu tena, anza na R, ndipo urudi kwenye M.

Kwa mtu asiyeona, haya si mambo ya dharura. Anayetumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, huendesha kompyuta kwa vitufe siku nzima, maana kishale cha mausi hakimsaidii kitu.

Watumiaji wa Linux wana njia nyingine: kuandika amri. Programu ndogo ya wmctrl, ambayo mara nyingi inabidi uiweke mwenyewe, inaorodhesha madirisha yote ukiandika wmctrl -l. Ukiandika wmctrl -a ukafuatisha neno lililomo kwenye kichwa cha dirisha, linakuja mbele. Ukiweka -c badala ya -a, linafungwa. Ila angalia kwanza mfumo unaochora skrini yako. Programu hii ilitengenezwa kwa ajili ya X11, na kwenye Wayland, unaotumika sasa katika Linux nyingi mpya, madirisha mengi hata haiyaoni.