Dawa ya Kwanza ni Kinywaji

Magonjwa mengi ya watoto ni madogo, nayo hupona nyumbani. Lakini ugonjwa mdogo una mpaka wake. Ukiisha kuuvuka si mdogo tena. Kwa hiyo kila mama na kila baba wajue mambo mawili: kazi ya kufanya nyumbani, na saa ya kutoka nyumbani.

KUHARA. Wengine husema, “Tusimpe maji, maana maji yanazidisha kuhara.” Wengine humtia dawa ya majani kwa nyuma kwa pompi, wapate kusafisha tumbo. Desturi hizi mbili zinaua. Mtoto anayehara hufa hasa kwa sababu maji ya mwili yamekwisha. Mtungi unaovuja, ukiacha kuujaza, utakauka upesi.

Dawa ya kwanza ni maji yenye sukari na chumvi. Mwaka 1971 wakimbizi wa Bangladesh walishikwa na kipindupindu katika kambi ya Bongaon, India. Maji ya kutia katika mshipa yalipungua sana. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa kinywaji hicho, na jamaa zao wenyewe wakawanywesha. Waliokuwa wakifa walikuwa kama 30 katika kila 100. Wakapungua hata chini ya 4. Sababu ni hii: ndani ya utumbo sukari na chumvi huingia mwilini pamoja, na maji huzifuata.

Sisi wa Kisangani tuna haja ya kujua hayo. Mwaka 2011 kipindupindu kilianza kwetu, kikateremka na mto hata Mbandaka na Kinshasa.

Ukipata pakiti ya SRO, itumie kama ilivyoandikwa juu yake. Usipoipata, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chemsha maji safi, yaache yapoe, upime lita moja kamili.
3. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijazwe kupita ukingo. Usizidishe chumvi, maana chumvi nyingi ni hatari.
4. Koroga, ufunike. Yakibaki kesho, yamwage.

Kila akiisha kuhara, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe robo hata nusu ya kikombe kikubwa. Aliyezidi miaka hiyo anywe nusu hata kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha umpe tena polepole kwa kijiko. Usimwachishe ziwa, wala usimnyime chakula. Uliza kituo cha afya juu ya vidonge vya zinki. Huvinywa siku 10 hata 14.

KIKOHOZI NA MAFUA. Mpe vinywaji vya moto kiasi, na asali kidogo ikiwa amezidi mwaka mmoja. Kisha funua kifua chake akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hata 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hata 5 akifikisha 40, huenda ni ugonjwa wa mapafu. Mpeleke siku ile ile. Fanya hivyo pia ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi.

HOMA. Katika nchi yetu homa ya mtoto usiihesabu kuwa ndogo, maana malaria huweza kumwua upesi. Mvue nguo nzito, mpe kinywaji, umpeleke apimwe damu kabla siku moja haijapita.

SAA YA KUTOKA NYUMBANI. Usingoje hata kidogo ukiona moja ya haya: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, kuna damu katika mavi, anaharisha maji matupu kama maji ya mchele, amelegea au ameshikwa na degedege. Na mtoto wa chini ya miezi 2 akiugua, mpeleke tu. Njiani endelea kumnywesha kama anaweza kumeza.

Baba, usiseme, “Tungoje asubuhi.” Weka leo pesa ya toleka au ya pikipiki mahali mama anapopajua, hata usipokuwapo asikuulize ruhusa. Na wewe mama, weka sukari, chumvi, kijiko na chupa ya lita moja pamoja. Ugonjwa ukija usiku, mkono wako utavipata gizani.